Kuwinda Ndege Ndani ya Ukungu

Siku ya kwanza niliyokwenda uwanjani kukiwa na ukungu, mlinzi wa doria alishuka garini akaniuliza nafanya nini kwenye uzio alfajiri yote ile. Nikamjibu, "Napiga picha ndege." Akaangalia juu ya miti, akaangalia lenzi yangu iliyofanana na bomba la maji, akasema, "Ndege wenyewe wako wapi, kaka? Bado wamelala." Nikamwambia si hao, ni zile za kupanda. Akacheka mpaka akashika kofia. "Hizo nazo hazipo. Mimi ninayelinda njia ya kurukia, hata njia yenyewe siioni."

Alikuwa na haki ya kucheka. Lugha yetu imewaweka ndege wa manyoya na ndege za bati katika neno moja, ikawatenganisha kwa ngeli tu, na asubuhi ile hakukuwa na wa A-WA wala za I-ZI. Nilikaa saa tatu. Nilizisikia zikitua, nikaona vivuli, nikabonyeza. Picha zilipita mia tatu. Kabla ya kuondoka nilizipitia kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nikaona kijivu juu ya kijivu, nikazifuta zote isipokuwa kumi na moja ambazo kidole kiliziruka kwa uvivu.

Kufuta kule kunaniuma hadi leo. Usiku, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, moja kati ya zile kumi na moja ilifunguka: pua ya Boeing 777 inachomoza, taa za kutulia zimechora mihimili miwili ndani ya maji yaliyoning'inia hewani, na nyuma ya mihimili hiyo hakuna ndege, kuna weusi kidogo tu unaoashiria bawa. Picha za ndege safi, zenye jua mgongoni na anga la buluu, ninazo kwa maelfu, na hakuna niliyowahi kuitazama kwa muda mrefu kama ile. Nikajiuliza zile mia tatu zilikuwa na nini.

Tangu hapo nimefanya mazoea ya kwenda uwanjani siku ambazo wenzangu wanabaki kitandani. Ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa kukosea, na mengine kwa mzee mmoja nitakayemtaja mbele.

Kosa la kwanza lilikuwa lenzi. Nilidhani ukungu ni tatizo la kutoona mbali, kwa hiyo dawa yake ni lenzi inayovuta mbali. Nikabeba ya milimita 400 na kusimama kwenye kichuguu changu cha siku zote, kama mita 800 kutoka njia ya kurukia. Lenzi ndefu huikuza ndege, na hukuza pia hewa yote iliyoko kati yako na ndege. Wataalamu wa hali ya hewa wanaposema umbali wa kuona ni mita 1,000, maana yake kwa makadirio ni kwamba kitu cheusi kilicho umbali huo kimebakiwa na asilimia 5 tu ya utofauti wake na mandhari ya nyuma. Siku moja nilikaa na kikokotoo nikafuata hesabu hiyo. Kwa ukungu uleule, kitu kilicho mita 500 hubakiwa na takriban asilimia 22, cha mita 250 asilimia 47, cha mita 100 asilimia 74. Kichuguu changu cha mita 800 kilikuwa kinanipa chini ya asilimia 10, na hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokurudishia kilichokwisha kumezwa njiani. Siku hizi nikiona ukungu naacha 400 nyumbani, nachukua ya 70 hadi 200, mara nyingine ya 85, na naitafuta sehemu ya uzio iliyo karibu zaidi ambako watu wanaruhusiwa kusimama.

Kosa la pili lilikuwa kuiamini kamera. Kipimamwanga kilichomo ndani yake hakijui ukungu ni nini. Kinadhani dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha wastani, basi kikiona weupe wa ukungu kinaupunguza mpaka uwe kijivu hicho. Ndiyo maana picha zangu zote zilionekana kama zimepigwa ndani ya gunia. Unatakiwa ukipinge: ongeza mwanga hatua moja, wakati mwingine moja na nusu, mpaka kilima cha histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, kisogee kulia bila kugonga ukuta. Ila taa za kutulia zikikuelekea uso kwa uso zitaungua, na ukijaribu kuziokoa utaipoteza ndege. Mimi nimeamua ziungue. Kuna wenzangu hawakubaliani na hili na tumebishana sana.

Halafu kuna kulenga. Kamera hutafuta mahali penye utofauti ili ijue ilenge wapi, na ukungu umeufuta utofauti wote. Utaisikia lenzi ikienda mbele, ikirudi nyuma, ikilia kama mtu anayetafuta funguo gizani, na ndege imeshapita. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafukuzana na jambo hili mpaka nikagundua kwamba katika ukungu ndege ni mwaminifu kuliko katika jua. Siku njema rubani anaweza kugusa mapema kidogo au kuchelewa kidogo. Ukungu ukiwa mzito kweli, ndege kubwa nyingi hutuliwa na mtambo wenyewe, na mtambo huo huigusisha karibu na alama zilezile, moja baada ya nyingine. Jambo hilo si geni: Trident ya shirika la British European Airways ilitua yenyewe ikiwa na abiria pale Heathrow tarehe 10 Juni 1965. Basi nikawa naiachia ndege ya kwanza ipite, natazama maji yanapofumka chini ya matairi, nalenga pale kwa mkono, nazima ulengaji wa mashine, na sigusi tena pete ya lenzi. Inayofuata itakuja palepale.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhani. Ndege ya abiria inakuja kutua kwa mwendo wa karibu noti 140, yaani takriban mita 72 kila sekunde. Kama unaona mita 300 tu, tangu kivuli kitokee hadi kikupite una sekunde nne. Katika hizo nne, mbili za mwanzo hazina ndege, zina taa, na ya mwisho unaona ubavu unaopita na kukuacha na upepo. Picha iko katika ile ya tatu. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nainua kamera nikiiona ndege, na sekunde ya tatu ilinikuta bado natafuta jicho la kamera. Sasa kamera huwa imeshainuliwa tangu nisikie.

Na hapo ndipo anapoingia mzee.

Nilimkuta siku ya tano au ya sita, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, koti refu, daftari mapajani, bila kamera. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Simama pembeni, mwanangu, unanizibia masikio." Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa fundi wa ndege kabla ya kustaafu, na tangu ujana wake anaandika kila ndege aliyoiona kwa namba yake ya usajili. Kamera haimvutii. Kwake ndege ni namba: 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, G ya Uingereza, N ya Marekani, kisha herufi au tarakimu zinazofuata, na ndege ambayo hukuisoma namba yake kwa jicho lako hukuiona. Nilipomwonyesha programu ya simu inayopokea ishara za ndege na kuandika namba, aina na ilikotoka, aliisukuma simu taratibu. "Simu imeiona. Mimi sijaiona."

Lakini katika ukungu, kabla namba haijasomeka, alikuwa anajua nusu ya habari. Alianza na taa. Ukiona ncha za mabawa zinametameta mara mbili harakaharaka, kisha kimya, kisha mara mbili tena, hesabu kwamba ni Airbus ya familia ya A320 au A330. Ikimeta mara moja moja, elekea Boeing. Si jambo la kuapia, kwa sababu taa hubadilishwa na miundo mipya ina yake, lakini lilinisaidia mara nyingi kuliko lilivyoniangusha. Na hili likanifungua macho upande wa picha pia. Mmweko wa ncha ya bawa ndani ya ukungu hauishii kwenye taa, unalijaza anga lote linaloizunguka, na ukiukamata, ndege nzima inachorwa kwa mwanga wake yenyewe. Huwezi kuulenga kwa kidole, ni mfupi mno. Unapiga mfululizo na kuomba. Katika mfululizo wa picha ishirini labda moja itakuwa na mmweko, na ndiyo utakayoibeba nyumbani. Fikiria zile mia tatu nilizofuta.

Baada ya taa, masikio. Tukiwa karibu na maegesho alinishika bega: "Sikia, mbwa." Na kweli kulikuwa na kitu kinabweka ndani ya weupe, hau hau hau, kikavu, bila kuhema. Ni A320. Ina pampu inayohamisha nguvu ya haidroliki kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na ikifanya kazi wakati ndege iko chini hutoa sauti hiyohiyo. Abiria wengi wameisikia wakadhani kuna mzigo wa mbwa chini ya viti. Baada ya siku ile sikuhitaji kuambiwa tena. Sauti nyingine iliyonishika ni ile inayokuja baada ya ndege. Ukisimama karibu na mwisho wa njia, chini ya mstari wa kutulia, inakupita na kelele zake zote, kimya kinarudi, halafu sekunde kadhaa baadaye unasikia juu yako kitu kinachopasuka kama shuka kuukuu, kinazunguka, kinashuka hadi majani yanalala. Ni mizunguko ya hewa inayoachwa na ncha za mabawa. Siku za jua unaisikia tu. Siku za ukungu unaiona: weupe unajikunja, unafungua shimo, na kwa dakika moja kuna dirisha ambalo nyuma yake anga ni safi. Nimepata picha mbili za dirisha hilo bila ndege yoyote ndani. Watu huniuliza nimepiga nini.

Kuhusu kujua ukungu utakuja lini, nilikuwa nabahatisha mpaka nikajifunza kusoma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, ile iitwayo METAR. Kwa nje ni msururu wa herufi unaotisha, lakini mtu wa ukungu anahitaji vipande vitatu tu. Cha kwanza ni joto na joto la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa maji. Vikiandikwa 19/12, lala. Vikiandikwa 13/12 jioni, anga liko wazi na upepo umekufa, weka kengele: ardhi itapoteza joto usiku kucha, hewa iliyoigusa itapoa, na alfajiri mambo yatakuwa tayari. Cha pili ni herufi. Sisi tunasema ukungu kwa vyote, lakini wao wanatofautisha: FG ni mzito, unaoona chini ya mita 1,000, na BR, kutoka neno la Kifaransa brume, ni mwepesi, kati ya mita 1,000 na 5,000. Cha tatu ni umbali wa kuona kwenye njia yenyewe, ulioandikwa kwa R na namba ya njia.

Na kuna MIFG, ukungu wa kimo kifupi, usiofika mita 2 kutoka ardhini. Nikiona herufi hizo nne natoka bila kunawa vizuri. Ndege zinapita kama zinaelea juu ya maziwa, hakuna matairi, hakuna njia, kuna matumbo na injini tu, na mikia iliyoegeshwa mbali inasimama kama matanga. Haidumu. Tena kinyume na nilivyodhani, ukungu wa namna hii mara nyingi hauanzi kupungua jua linapochomoza, huwa mzito zaidi kwa muda, kwa sababu jua la kwanza linaanza kuivuruga hewa ya chini kabla halijaipasha moto. Nimewahi kuondoka saa kumi na mbili na nusu nikiwa nimekata tamaa, kisha nikaona picha za mwenzangu alizopiga saa moja na robo: mwanga wa dhahabu unapita ubavuni, kila tone limewaka. Tangu siku hiyo siondoki kabla ya saa tatu.

Mahali pa kusimama pia pana hesabu yake. Ndege hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3, kwa hiyo ikibakiza kilomita moja kugusa chini iko juu kama mita 52. Kama ukungu umejiinua ukawa wingu la chini lenye kitako cha mita 60, ukisimama kilomita mbili nyuma hutaona kitu hata wingu hilo likionekana jepesi, na ukisogea hadi chini ya kilomita moja utaziona zote zikidondoka kutoka darini. Tena si kila upande wa njia una mitambo sawa. Mfumo wa redio wa kuongoza kutua, ILS, una madaraja. La kwanza rubani lazima aone njia akiwa futi 200 juu, la pili futi 100, la tatu chini ya hapo, na hilo la tatu mara nyingi limewekwa upande mmoja tu wa njia. Upepo ukiwa mdogo, kama ilivyo kawaida ya ukungu, waongozaji watatumia upande huo. Nilipoteza asubuhi mbili nikiwa upande usiofaa kwa kukariri mwelekeo wa siku za kawaida.

Siku iliyonipa ndege nyingi kuliko zote sikuipanga. Uwanja jirani ulifungwa kabisa na ukungu, wetu ukabaki na mita mia sita hivi, na ndege zikaanza kuelekezwa kwetu moja baada ya nyingine. A350-1000, 787-10, aina ambazo uzio ule haukuwahi kuziona. Maegesho yalijaa, nyingine zikapangwa kwenye njia za pembeni, taa zao nyekundu zikipiga polepole ndani ya weupe kama moyo. Nililalamika kwamba zinatembea pole mno, kila moja nyuma ya gari lenye taa, na kwamba nafasi kati ya inayotua na inayofuata imekuwa kubwa. Mzee hakugeuka. "Unajua Tenerife?"

Nilijua jina tu. Akanisimulia. Tarehe 27 Machi 1977, bomu lililipuka katika uwanja wa Gran Canaria, ndege zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa kisiwa cha Tenerife, zikajaa mpaka kwenye njia za pembeni kama zilivyojaa mbele yetu. Ukungu ukaingia. Mnara hauoni njia, hauna rada ya ardhini. 747 ya KLM ikaanza mbio za kuruka bila ruhusa huku 747 ya Pan Am bado iko kwenye njia ileile. Watu 583 walikufa, na hakuna ajali ya ndege nyingine yoyote iliyoua wengi namna hiyo. Kisha Linate, Milan, tarehe 8 Oktoba 2001: ukungu tena, ndege ndogo imepotea njia, MD-87 inaruka, rada ya ardhini haifanyi kazi, watu 118. Aliyataja hayo kwa sauti ileile anayotumia kutaja namba za usajili. Kisha akaniambia, "Ziache zitembee." Nikaacha kulalamika. Na sasa naona uzuri katika ule upole: ukiweka kasi ya shata chini, sehemu ya thelathini ya sekunde, ukiegemeza kamera kwenye nguzo, gari la mbele linaacha mstari wa mwanga na ndege nyuma yake inabaki kama nyumba.

Ndege za pangaboi zina mambo yake. Wakati wa kuruka katika hewa iliyoshiba maji, kila ncha ya panga inaacha uzi mweupe, na nyuzi hizo zinajisokota kuelekea nyuma kama springi. ATR na Dash 8 zote hufanya hivyo. Ukipiga kwa kasi kubwa mno panga linaganda, ndege inaonekana imezimika angani. Mimi hutumia sehemu ya 125 ya sekunde na kukubali kwamba nyingi zitatikisika. Kwa ndege za jeti, tafuta mvuke juu ya bawa, pale hewa inapotanuka na kupoa ghafla kwa sababu shinikizo limeshuka, na chini ya injini wakati wa kuongeza nguvu, ambapo kimbunga chembamba kinapanda kutoka ardhini kuingia ndani. Hicho nimekiona mara nne, nimekipiga mara moja.

Maji hayo yanayopendeza kwenye picha yaliniharibia lenzi. Nilikuwa naingia ndani na kamera iliyopoa, kioo kinajaa jasho, nafuta kwa shati, naitupa kwenye mkoba na kufunga zipu. Baada ya msimu mmoja nikaona utando kama buibui ndani ya lenzi, mahali pasipofikika. Fundi akaimulika tochi, akasema, "Hii ina ukungu." Nikamwambia ndiyo, naipeleka kwenye ukungu kila wiki. Hakuelewa kwa nini nilicheka, na mimi mwenyewe nilipotajiwa gharama ya kuifungua niliacha kucheka. Sasa kamera inaingia kwenye mfuko wa plastiki nikiwa bado nje, nafunga mdomo wa mfuko, na sifungui ndani mpaka saa nzima ipite na jasho limetokea nje ya plastiki badala ya kwenye kioo. Lenzi sibadilishi nikiwa uwanjani. Vipakiti vya kunyonya unyevu ninavyo kila mahali.

Kuhusu walinzi, mtu mwenye lenzi ndefu kwenye uzio, ndani ya ukungu, kabla ya mapambazuko, anatia shaka hata machoni pa rafiki yake. Ninakwenda kujitambulisha kabla sijatoa kamera, nasimama panaporuhusiwa, na upande wenye ndege za kijeshi siuelekezei lenzi kabisa. Mwezi Novemba 2001 wapenda ndege kumi na wawili wa Uingereza na wawili wa Uholanzi walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakashtakiwa kwa ujasusi. Walipatikana na hatia Aprili 2002, na rufaa ikawasafisha Novemba mwaka huohuo. Mwaka mzima, kwa ajili ya madaftari ya namba. Yule mlinzi wangu wa kwanza siku hizi hunipigia honi tu, na mara nyingine hupunguza mwendo kuuliza kama ndege wameamka.

Nyumbani, kwenye kompyuta, kuna kitufe cha kuondoa ukungu. Nilikivuta hadi mwisho siku za mwanzo, na ndege zikatoka kama zimepakwa masizi, na pete za mwanga kuzunguka mikia. Ukitaka picha isiyo na ukungu, nenda siku isiyo na ukungu. Sasa naongeza utofauti kidogo kwenye mwili wa ndege peke yake, nauacha weupe uwe mweupe, basi.

Asubuhi ya mwisho nitakayoisimulia, taarifa ilisema mita 350. Mzee alikuwa kwenye ndoo yake. Tulikuwa tumekaa kama dakika arobaini bila kitu, ndege mbili zilizojaribu kutua zimeishia kuvuta nguvu na kupotea juu bila sisi kuziona hata mara moja. Ndipo akainua kidole. Mimi bado sijasikia. "Nne," akasema. Injini nne. Nikainua kamera, milimita 135, sehemu ya 500 ya sekunde, nimeshalenga palepale penye alama.

Taa zilitokea kwanza, pana kupita kawaida, kisha nundu ya kichwa juu yake, kisha mabawa yaliyoishia kwa ncha zilizolazwa nyuma, bila vile vibawa vya kusimama vya 747-400. Ni 747-8. Ndege ya mwisho ya ukoo huo, kati ya 1,574, ilikabidhiwa Januari 2023, hakuna nyingine inayotengenezwa. Ilipita mbele yetu kama ukuta, maji yakafumka, weupe ukaifunga. Sekunde nne.

Mmweko nilikuwa nimeupata. Picha moja katika kumi na saba: bawa la kushoto limewaka hadi kwenye injini, meno ya nyuma ya injini yanaonekana, na mwili uliobaki unayeyuka kuelekea mkiani. Nikampelekea kioo. Alivua miwani, akaivaa.

"Namba?"

Nikaikuza picha hadi mwisho. Penye namba palikuwa na weupe mtupu. "Haikusomeka, mzee. Niangalie kwenye simu?"

Hakujibu. Aliishika kamera kwa mikono miwili muda mrefu kuliko ndege yenyewe ilivyopita. Kisha akanirudishia, akafungua daftari, akaandika tarehe, saa, 747-8, na mahali pa namba akapiga mstari. Nikachungulia. Katika kurasa zote alizowahi kunionyesha, mstari ule sikuwahi kuuona.